Kijuma wa Lamu: Mwandishi aliyejijengea konekshen bila simu

Kama ulipita shule ya upili hapa Kenya, Fumo Liyongo unamjua. Mwalimu wa Kiswahili alimtaja kwenye mada ya mighani, ukaandika haraka haraka kwenye daftari: jitu, upinde, sindano ya shaba kitovuni, msaliti ni mwanawe mwenyewe. Mtihani ukaisha, daftari likafungia maandazi, maisha yakaendelea.

Sasa kuna swali ambalo pengine halikuja kwenye mtihani. Nani aliiandika? Hadithi ya Liyongo ilizunguka midomoni mwa watu wa pwani kwa karne nyingi, kuanzia visiwa vya Pate hadi Ozi na Kipini, kule Mto Tana unakoingia baharini. Lakini ule utendi mrefu ambao wasomi wanaurejelea hadi leo ulitoka kwenye kalamu ya jamaa mmoja wa Lamu, mwaka 1913. Anaitwa Muhamadi bin Abubakar Kijuma. Vitabu vingine vinamwita Kijumwa, ni yule yule.

Namleta Kijuma kwa sababu ya vijana wa Garsen, Ngao, Tarasaa, Kipini hadi Hola ambao wanataka kuandika filamu. Kilio ni kimoja kila kona: stori ipo, mtu hayupo. Produsa yuko Nairobi, kamera iko Mombasa, mwandishi yuko Minjila anahesabu mabasi ya Lamu yakipita. Mimi mwenyewe sikumaliza chuo, kwa hivyo hayo maneno ya kwamba bila karatasi na bila mjomba hufiki popote nimeyasikia ya kutosha. Kijuma hakuwa na digrii, hakuwa na simu, na aliishi kisiwani. Ila kazi yake ilifika London na Ujerumani akiwa hai, ikiwa na jina lake. Hebu tuone alifanyaje, na pia tuone mahali alipopunjwa, maana hiyo nayo ni sehemu ya somo.

Alizaliwa mji ukiwa na pesa, akazeeka ukiwa hauna

Kijuma alizaliwa Lamu mnamo 1855. Wakati huo Lamu ilikuwa mji wa majahazi, biashara ya mbali, majumba ya mawe na wanazuoni. Ushairi haukuwa starehe ya watu wachache. Tungo zilisomwa msikitini, nyumbani, harusini na kwenye ngoma. Mtu akitaka kumsifu rafiki au kumchapa hasimu, alitafuta mshairi.

Kisha mambo yakageuka. Mwaka 1885 Wajerumani waliingia Witu, hapo katikati ya Lamu na Garsen, na mwaka 1890 wakawaachia Waingereza. Mwaka 1895 pwani yote ikawa chini ya himaya ya Uingereza. Mwaka 1907 utumwa ukapigwa marufuku kisheria, jambo la haki kabisa, lakini mashamba ya matajiri wa Lamu yaliyokuwa yakitegemea jasho la watu wasiolipwa yakayumba. Biashara kubwa ikahamia Mombasa, ambako reli ilianzia. Wale mabwana waliokuwa wakilipa washairi na mafundi wakaanza kubana mkono.

Kwa hivyo picha ya Kijuma si ya msanii aliyekaa mji wa raha akingoja maono. Ni ya fundi aliyeona wateja wake wa zamani wakiisha pesa mmoja baada ya mwingine, akalazimika kujiuliza mteja mpya atatoka wapi. Kijana wa Garsen anayeona wenye kamera wote wako mbali hawezi kushindwa kumwelewa.

Mwandishi aliyejua kazi za wenzake

Kijuma alijua kazi nyingi, na zote zilishikana. Alikuwa mshairi. Alikuwa mwandishi wa hati, yaani mtu wa kunakili tungo kwa herufi za Kiarabu, mwandiko safi wa kupendeza macho. Alikuwa mchongaji wa mbao. Alikuwa mwanamuziki, akipiga kibangala, kile chombo cha nyuzi ambacho wengine wanakiita gambusi. Na alikuwa mtu wa ngoma, anatunga nyimbo za kuimbwa kwenye mashindano.

Hiyo ya ngoma usiipite mbio. Lamu ya zamani ilikuwa na mashindano ya ngoma baina ya mitaa na vikundi, na ushindani wenyewe ulikuwa moto kweli. Mtunzi wa nyimbo za kikundi alihitaji kujua mpiga ngoma anaweza nini, waimbaji wana sauti gani, wapinzani watajibu vipi, na watazamaji watacheka wapi. Huwezi kuyajua hayo ukiwa umejifungia chumbani. Lazima uwe uwanjani usiku, ukiwa umesimama na watu.

Ukitaka kuelewa nini maana ya kuijua tasnia, ndiyo hiyo. Mwandishi wa filamu asiyejua kazi ya mtu wa sauti ataandika mazungumzo ya dakika tano juu ya pikipiki inayoenda kasi. Asiyejua bajeti ataandika vita vya majahazi mia kwa produsa ambaye ana pesa ya mtumbwi mmoja na mafuta nusu tangi. Halafu skripti ikirudishwa, anasema anabaniwa.

Dawa yake haihitaji ada ya chuo. Kukiwa na watu wanarekodi video ya muziki Malindi, nenda ukabebe nyaya. Kukiwa na harusi Tarasaa na jamaa wana kamera mbili, kaa na anayehariri umwone anavyokata. Shirika likija kupiga picha za mafuriko, omba kazi ya mkalimani, maana Kipokomo na Kiorma wao hawana. Siku tatu kwenye kazi kama hiyo zinakufundisha kwa nini sini ya usiku ina gharama, kwa nini watoto na ng'ombe kwenye sini moja ni balaa, na kwa nini mwongozaji anapenda mwandishi anayekubali kukata.

Wageni walipokuja, yeye alikuwa na walichokosa

Mwaka 1887 wamishonari Wajerumani wa Neukirchen walifika Ngao, kijiji cha Wapokomo ambacho hakiko mbali na Garsen. Misheni hiyo ilifanya kazi Lamu pia. Nyuma ya wamishonari walikuja wasomi wa lugha. Watu hawa walikuwa na vitu ambavyo Lamu haikuwa navyo tena: pesa, mashine za kuchapa na vyuo. Ila walikosa kitu kimoja kikubwa. Hawakuwa na mtu wa kuwaonyesha tungo nzuri ziko kwa nani, toleo lipi ni sahihi, na neno gumu la Kiamu lina maana gani.

Kijuma akajiweka hapo katikati. Akawafundisha lugha. Akawanakilia tungo. Akawaelezea. Tungo kubwa za pwani, kama Al-Inkishafi na Utendi wa Mwana Kupona, zilipita mkononi mwake.

Kuanzia 1911 hadi 1913 alisafiri Afrika Mashariki mwanamke Mwingereza aliyeitwa Alice Werner. Alichunguza pia bonde la Mto Tana, na mwaka 1913 akachapisha makala kuhusu Wapokomo. Alipofika Lamu alikutana na Kijuma. Mwaka huo huo wa 1913 Kijuma akamwandikia ule utendi wa Liyongo, zaidi ya beti 200. Baadaye Werner akawa mwalimu na kisha profesa wa Kiswahili kwenye chuo kinachojulikana leo kama SOAS, London, na mwaka 1926 akaanza kuchapisha kazi juu ya Liyongo kwenye jarida la chuo hicho.

Angalia vizuri kilichotokea. Kijuma hakumfuata mgeni kumwomba amsaidie kwa kuwa maisha ni magumu. Alimpa kitu ambacho mgeni asingekipata kwingine. Konekshen ikaanza na kazi, na mgeni akawa na sababu ya kurudi kwake tena na tena.

Sasa linganisha na jumbe tunazotumia maprodusa siku hizi. Habari, mimi ni mwandishi chipukizi, naomba unishike mkono. Nani anajibu hiyo? Anapata kumi kwa siku. Lakini mtu akiandika kwamba yuko Garsen, ana sinopsi ya ukurasa mmoja ya filamu inayotokea kwenye kivuko cha mto, anajua mahali pa kupiga picha, anajua wazee wa kuongea nao na lugha tatu za hapo, hiyo ni habari nyingine. Hata jibu likiwa hapana, jina lako limebaki kichwani mwa mtu.

Liyongo ukimsoma kama skripti

Hebu turudi kwa Liyongo wenyewe, maana kazi ndiyo iliyombeba Kijuma.

Mfalme wa Pate anamwogopa Liyongo. Jamaa ni mkubwa, ana nguvu, ni mshairi na anapendwa. Kunatokea jaribio la kumwua chini ya mkoma: wenzake wanapanga kila mtu apande kwa zamu kuangua makoma, ili zamu yake ikifika wampige mishale akiwa juu. Zamu inafika. Liyongo hapandi. Anachukua upinde wake na kuyaangusha makoma kwa mshale kutoka chini. Hakuna anayesema kitu, lakini wote wamejua kwamba amejua.

Baadaye anafungwa gerezani, anangoja kufa. Kijakazi wa mama yake, Saada, anamletea chakula, na kila mara askari wanajichukulia kile kizuri. Liyongo anatuma ujumbe kwa njia ya shairi. Mama anaelewa. Anapika mkate wa makapi, ule ambao askari hawawezi kuutamani, na ndani yake anaficha tupa. Kisha Liyongo anaomba ngoma ya gungu ichezwe kabla hajafa. Nje matoazi na pembe zinalia, ndani yeye anakata minyororo, na kelele za sherehe zinafunika sauti ya chuma.

Mazee, hiyo sini niliisoma nikasimama. Chumba kimoja, mwigizaji mmoja, askari wawili mlangoni, na sherehe nzima inasikika tu bila kuonekana. Produsa mwenye pesa kidogo anaweza kuipiga usiku mmoja. Na presha iliyomo ni kubwa kuliko magari kumi yanayolipuka.

Kisha mwisho wake. Mwana wa Liyongo, aliyezaliwa na mke wa Kigalla, anaahidiwa ukubwa na kuozwa binti wa mfalme. Anatoa siri ya baba yake: hauawi kwa kitu chochote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni. Anamchoma akiwa amelala. Liyongo anaamka, anachukua upinde, anakwenda kisimani, anapiga goti na kufa akiwa ameulenga mshale. Watu wanamwona kwa mbali, wanadhani yu hai, hakuna anayethubutu kuteka maji. Mji mzima unashikwa na kiu kwa sababu ya maiti. Mwana naye hakupata alichoahidiwa.

Kwa watu wa Tana River hadithi hii haiko mbali. Kaburi linalotajwa kuwa la Liyongo liko upande wa Ozi na Kipini. Wagalla wanaotajwa humo ni jamii ambayo Waorma wa leo wanatokana nayo. Wapokomo ndio majirani wa mto. Yaani hadithi moja, na kila jamii ya Garsen ina mlango wa kuingilia.

Hapo ndipo jambo linakuwa zito. Mwaka 2012 hadi mwanzoni mwa 2013, mapigano ya Tana Delta yaliua zaidi ya watu 100. Kamera zilijaa. Mambo yakatulia, kamera zikaondoka. Mafuriko yakija, kama ya 2018 na yale ya mwisho wa 2023, zinarudi. Kwa hivyo mtu wa Nairobi akisikia Garsen anajua mambo mawili: maji na damu. Akiandika filamu kuhusu Garsen, ataandika hayo mawili. Hatajua kwamba hapo kuna embe, kuna kesi za malisho zinazomalizwa na wazee chini ya mti, kuna vijana wa jamii tofauti wanaopendana na wanaogopa kusema nyumbani. Ni mwandishi wa hapo pekee anayeyajua, na kama hana njia ya kufika kwenye meza ambako skripti zinachaguliwa, hayo hayataonekana.

Barua, malipo na kufuatilia

Turudi kwa Kijuma uzeeni. Wengi kwenye umri huo wamestaafu. Yeye alikuwa bado anapokea oda. Mwingereza William Hichens, aliyewahi kufanya kazi Afrika Mashariki, aliandikiana naye barua akiwa amerudi kwao. Hichens alitaka hati, Kijuma akatayarisha na kuzituma kwa posta. Barua zao ziko hadi leo kwenye maktaba ya SOAS. Mwaka 1934 Hichens na Werner walichapisha Utendi wa Mwana Kupona, na mwaka 1939 Hichens akatoa Al-Inkishafi.

Mwaka 1936 wakafika Lamu Mjerumani Ernst Dammann na mkewe Ruth, kukusanya tungo. Kijuma alikuwa na umri wa miaka kama 80. Akawa mmoja wa watu waliowategemea zaidi. Kitabu kikubwa cha Dammann cha tungo za Kiamu kikatoka 1940.

Hebu hesabu. Kutoka Werner 1913 hadi Dammann 1936 ni miaka 23. Katikati kulikuwa na vita vya dunia ambapo Waingereza na Wajerumani walikuwa wakiuana, na Kijuma alikuwa na watu wa pande zote mbili. Mtandao wake haukujengwa wikendi moja kwenye semina yenye chai na soda. Ulijengwa kwa kumaliza kazi, kutuma kazi, na kuandika tena.

Na hii yote aliifanya kama kazi ya kulipwa. Kunakili hati kulikuwa riziki yake, kama mlango wa kuchonga. Vijana tunaona haya kutaja bei, tunasema tu tutaongea. Tutaongea ndiyo mwanzo wa kudhulumiwa.

Jina chini ya kazi

Kijuma alikuwa na tabia moja ambayo ilimwokoa: alitia sahihi. Mwisho wa hati aliandika kwamba mwandishi ni yeye, Muhamadi bin Abubakar Kijuma, mara nyingi na tarehe. Ndiyo maana leo mtafiti akifungua makaratasi London au Ujerumani, anamkuta. Mwaka 1983 msomi mmoja alipata shahada ya udaktari London kwa utafiti juu ya maisha yake, na mwaka 2010 wasomi wawili wa Ujerumani wakatoa kitabu kizima cha kazi zake. Tanzania ilichapisha utendi wake wa Liyongo mwaka 1973.

Kutotia jina kunaumiza, na Tana River inalijua hilo kuliko wengi. Wimbo wa taifa la Kenya una mdundo uliotoka kwenye wimbo wa Kipokomo wa kubembeleza mtoto. Mzee Meza Galana ndiye aliyeuleta kwa kamati. Tunausimamia kila sherehe. Waulize watu kumi kwenye matatu ya Mombasa wimbo huo umetoka wapi, uone wangapi watataja Mto Tana.

Kwa mwandishi wa leo, kutia sahihi kuna sura mpya. Chini ya sheria ya Kenya, haki ya kazi yako inaanza pale unapoiandika, si pale unapoisimulia kibarazani. Wazo lililo mdomoni halilindwi. Likishaandikwa, unaweza kulisajili na bodi ya hakimiliki, KECOBO, ili uwe na ushahidi siku ya kesi. Tuma sinopsi kabla ya skripti nzima. Tuma kwa baruapepe ili tarehe ibaki. Mkifanya kikao, rudi nyumbani uandike ujumbe mfupi wa kukumbusha mliyokubaliana.

Jambo lingine muhimu: haki ya mtunzi Kenya inadumu maisha yake na miaka 50 baada ya kifo. Kijuma alifariki 1945. Maana yake beti zake ziko huru kwa yeyote anayetaka kuzigeuza filamu. Ila kuna sheria ya 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, na inataka jamii yenye mali iulizwe kabla mtu hajaitumia kibiashara. Ukiwa mwandishi wa Ozi au Kipini, hiyo ni nguvu yako. Wewe ndiye unayejua wa kumuuliza.

Na upande mchungu

Tusimpake Kijuma mafuta tu. Ukaribu wake na wamishonari ulimletea maneno mjini, na mapenzi yake kwa ngoma na muziki hayakuwafurahisha wacha Mungu. Mtu wa kati hupigwa kutoka pande mbili. Kijana wa Garsen anayezunguka na watu wa kamera naye ataulizwa kijijini anawauza kwa bei gani. Jibu lake linaonekana kwenye kazi: je, wazee walionyeshwa? Je, waliotoa nyumba zao zipigwe picha walilipwa?

Halafu kuna hesabu ya mwisho. Kutokana na kazi za pwani, wageni walipata vyeo vya uprofesa na majina kwenye jalada la vitabu. Kijuma alipata malipo ya hati. Aliujua mnyororo wa kazi yake vizuri, lakini pingili ya juu kabisa, ile ya uchapishaji, ilikuwa London na haikuwa mkononi mwake. Alifariki Lamu akiwa na miaka kama 90, na hati zake nyingi ziko ng'ambo.

Hapo ndipo sisi tuna nafasi ambayo yeye hakuwa nayo. Kenya Film Commission ipo tangu 2005 na inaandaa tuzo za Kalasha. Zanzibar ina tamasha la ZIFF tangu 1998, ambako ukiwa na Kiswahili chako hauko ugenini. Maisha Film Lab ya Mira Nair, iliyoanza Kampala, ilinoa waandishi wa Afrika Mashariki. Nairobi Half Life ya 2012 ilitokana na warsha ya One Fine Day, ambako Wakenya walifanya kazi bega kwa bega na mafundi kutoka Ujerumani. Angalia majina ya waandishi mwisho wa filamu hiyo, hayakuwa jina moja. Waliandika kama timu.

Sasa anza na ulicho nacho. Barabara ya lami kutoka Garsen kupita Witu hadi Lamu ni kilomita 135, mwendo wa asubuhi. Tafuta wenzako watatu: mmoja mwenye kamera, hata ya simu, mmoja anayejua kuhariri, mmoja anayeigiza. Chukua ile sini ya gerezani. Mkate wa makapi, tupa, ngoma nje. Andika kurasa nne. Igizeni, pigeni, mtie majina yenu yote mwishoni na tarehe. Kisha tengeneza orodha ya watu kumi wa kuwatumia: waongozaji ambao umeona kazi zao, wahariri, waandishi waliokutangulia mwaka mmoja au miwili. Wa kwanza asipojibu, mtumie wa pili. Baada ya miezi mitatu mkiwa na sini nyingine, mwandikie tena yule wa kwanza.